Dopamini si maji ya raha: historia ya wajumbe wa ubongo na wakimbizi waliochangia kuiandika

Wiki hii zamu ya kuandika imenifikia mimi, na nimechagua historia ya sayansi, sababu kuna neno moja linazunguka sana kwenye simu zetu: dopamini. Ukifungua video, kijana anakuambia dopamini ni kemikali ya raha. Mwingine anakuambia uifunge siku saba kama Ramadhani ili akili ikae sawa. Mwingine anasema watoto wa siku hizi hawasomi juu dopamini yao imeharibika. Kila mtu daktari.

Mimi si daktari. Nimemaliza sekondari, na jioni nasaidia watoto kusoma na kufanya hesabu hapa kambini. Lakini hii stori nimeifuatilia muda mrefu, na nataka kuwaonyesha mambo mawili. La kwanza, watu waliotafuta jinsi ubongo unavyojifunza walichukua karibu miaka 80 kufika kwenye jibu, na jibu lenyewe si raha. La pili, wakubwa kadhaa katika hii historia walikuwa watu waliokimbia kwao kama sisi. Hilo kwenye video hawalisemagi.

MOYO WA CHURA

Tuanze na swali la zamani. Ubongo wa mtu una seli za neva karibu bilioni 86. Nyingi kati yake hazijashikana, kati ya seli na jirani yake kuna kanafasi kadogo sana. Sasa habari inavukaje ile nafasi? Mwanzoni mwa karne ya 20 wengine walisema inaruka kama cheche ya umeme. Wengine walisema hapana, seli inamwaga kemikali, na ile kemikali ndiyo inabeba ujumbe hadi ng'ambo. Walibishana miaka mingi.

Otto Loewi alikuwa profesa kwenye mji wa Graz, Austria. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja aliota namna ya kulijibu swali, akaamka akaandika, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja asubuhi, akaenda maabara. Alichukua mioyo miwili ya chura inayodunda, akaiweka kwenye maji ya chumvi. Moyo wa kwanza akauchokoza ile neva inayopunguza mapigo. Ukapunguza. Halafu akachukua maji yaliyouzunguka ule moyo akamwagia moyo wa pili, ambao haukuguswa kabisa. Na wenyewe ukapunguza mapigo.

Hapo hakuna waya uliounganisha mioyo miwili. Kilichopita ni kitu kilichomo ndani ya maji. Matokeo yalichapishwa 1921, na baadaye ile kemikali ikajulikana kuwa asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi akapewa Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Miaka miwili baadaye, Machi 1938, Wanazi waliingia Austria. Loewi alikuwa Myahudi, ana miaka 64. Usiku uleule walikuja na silaha wakamkamata na vijana wake wawili wadogo. Akiwa gerezani, akidhani watamuua, alichoomba ni kalamu na kadi ya posta, aandike matokeo ya utafiti wake wa mwisho yatumwe kwenye jarida yasipotee. Alipoachiwa, walimlazimisha kwanza ahamishie pesa yake ya Nobel kwenye benki waliyoitaka wao, ndipo akaruhusiwa kuondoka. Alipita Uingereza, akafika Marekani 1940, akaanza upya New York akiwa mzee. Mke wake alibaki nyuma, akamfuata baadaye sana. Nani hapa hajui maisha ya namna hiyo?

SUNGURA WALIOSHUSHA MASIKIO

Dopamini ilikuwepo lakini hakuna aliyeijali. Ilitengenezwa maabara London mwaka 1910, na kwa miaka mingi wataalamu waliiona kama kituo tu cha njiani, kitu ambacho mwili unakitumia kutengenezea kemikali nyingine. Kama lori la mizigo linalopita kijijini bila kushusha.

Aliyebadilisha mawazo ni Msweden Arvid Carlsson. Mwaka 1957 yeye na wenzake waliwapa sungura dawa iitwayo reserpini, ambayo inamaliza akiba ya hizi kemikali kwenye ubongo. Sungura wakalala, masikio chini, hawajongei. Kisha wakawadunga L-dopa, malighafi ambayo mwili unaigeuza kuwa dopamini. Muda mfupi tu sungura wakaamka, masikio juu. Mwaka uliofuata wakapima na kuonyesha kwamba dopamini yenyewe imo ndani ya ubongo. Wakubwa wengi wa wakati ule walikataa kwanza. Carlsson alikuja kupewa Nobel mwaka 2000, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Kule Vienna kulikuwa na kijana Oleh Hornykiewicz. Alizaliwa 1926 karibu na Lviv, sehemu ambayo leo ni Ukraine na wakati ule ilikuwa Poland. Vita ilipoanza na jeshi la Kisovieti likaingia, familia yake ikakimbilia Austria. Huyu mtoto wa wakimbizi ndiye aliyesoma habari za dopamini akajiuliza: wale wazee wanaotetemeka na kukakamaa, wenye ugonjwa wa Parkinson, je, ubongo wao umeishiwa nini? Pamoja na mwenzake Herbert Ehringer walipima ubongo wa marehemu waliokuwa na huo ugonjwa na wa wasiokuwa nao. Kipimo chao kilikuwa cha rangi. Penye dopamini palitoka rangi ya waridi. Kwenye sampuli za wagonjwa rangi karibu haikutokea, na Hornykiewicz alisema aliona upungufu kwa macho yake mwenyewe. Hiyo ilitangazwa 1960.

Mwaka 1961 daktari Walther Birkmayer akawadunga wagonjwa L-dopa. Watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakakaa, wengine wakasimama, wengine wakatembea. Hadi leo L-dopa ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huo. Mwaka 2000 Nobel ilipotolewa na jina la Hornykiewicz likakosekana, wanasayansi zaidi ya 200 walisaini barua ya wazi kulalamika. Yeye aliendelea na kazi.

WAYA ULIOPOTEA NJIA

Hadi hapo tunaongelea kutembea na kutetemeka. Kujifunza kumeingilia wapi?

Kumeingilia Montreal, Canada. Vijana wawili, James Olds na Peter Milner, waliweka nyaya nyembamba kwenye ubongo wa panya ili kuchokoza sehemu fulani. Kwa panya mmoja waya ulikosea njia, ukaenda pengine. Huyo panya, kila walipomchokoza akiwa kwenye kona moja ya meza, alirudi kwenye ile kona, kama anasema naomba tena. Wakamtengenezea kitufe ajichokoze mwenyewe. Waliandika habari hiyo 1954. Baadaye Olds alieleza kwamba kuna panya waliobonyeza zaidi ya mara 2,000 kwa saa moja, wakaacha hata kulala.

Watu wakasema, basi, tumepata kituo cha raha. Na ilipoonekana kwamba zile njia za ubongo zinategemea sana dopamini, jina likabandikwa: dopamini ni raha. Miaka ya 1970 na 1980 wazo hilo lilikuwa na nguvu sana. Video tunazoziona leo zimebaki palepale.

Lakini lilianza kupasuka. Marekani, Kent Berridge na wenzake waliangalia nyuso za panya. Panya akionja sukari analamba midomo, kama mtoto mchanga tu. Walipowaondolea dopamini karibu yote, wale panya hawakutafuta tena chakula, wangeweza kufa njaa sahani iko pembeni. Lakini ukiwatia sukari mdomoni, wanalamba midomo kama kawaida. Utamu wanausikia. Kilichopotea ni kuutaka, ile nguvu ya kuinuka kuufuata. Kumbe kupenda kitu na kukitaka ni vitu viwili, na dopamini iko zaidi upande wa kutaka.

KIMA, JUISI NA TAA

Sasa tunafika penyewe. Wolfram Schultz alikuwa anafanya kazi Fribourg, Uswisi. Alikuwa anatafuta mambo ya Parkinson, kwa hiyo alisikiliza seli za dopamini za kima mojamoja, akitegemea zitapiga kelele kima akisogeza mkono. Hazikufanya hivyo sana. Zilipiga kelele kima alipopata tone la juisi.

Mngesema, si ndiyo raha hiyo? Subirini. Aliweka taa inayowaka kidogo kabla ya juisi kuja. Mwanzoni kima hajui maana ya taa, seli zinalia wakati wa juisi. Baada ya kurudia sana kima ameshajua: taa ikiwaka, juisi inakuja. Sasa seli zinalia wakati wa taa, na juisi inapofika zimenyamaza, ingawa juisi ni ileile na utamu ni uleule. Na siku taa ikiwaka halafu juisi isije? Seli zinashuka chini ya kawaida yao, tena zinashuka palepale kwenye sekunde ambayo juisi ilitakiwa ifike.

Ili muielewe vizuri, fikirieni mgao. Mwezi huu umetegemea unga wa kiwango kilekile na umepewa kilekile. Nani anaongelea? Hakuna, unabeba unarudi nyumbani. Siku ukipewa na mafuta ya ziada ambayo hukuyategemea, habari inazunguka bloku zote kabla jua halijazama. Na siku kiwango kikipunguzwa, hata kama bado umepewa chakula, watu wanarudi wamenuna. Unga umeupata, lakini kichwa kinapima tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata. Hiyo tofauti ndiyo seli za dopamini zinaitangaza. Imezidi, zinapanda. Imelingana, kimya. Imepungua, zinashuka.

Kitu cha ajabu ni kwamba wengine walishaandika hesabu ya hiyo tofauti bila kugusa ubongo. Mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner, Marekani, walitoa kanuni inayosema kwa kifupi hivi: mnyama hujifunza anaposhangaa, na asiposhangaa hajifunzi. Kabla yao Leon Kamin alionyesha kwamba panya akishajua sauti fulani inatangaza jambo, ukiongeza taa pamoja na ile sauti, kuhusu taa hajifunzi karibu kitu. Kwa nini ajifunze? Sauti ilishamwambia. Miaka ya 1980 Richard Sutton na Andrew Barto wakatumia wazo la namna hiyo kufundisha kompyuta ijirekebishe yenyewe, kila hatua ikilinganisha ilichotabiri na kilichotokea. Ndipo vijana wawili wa hesabu, Peter Dayan na Read Montague, wakaona kwamba michoro ya seli za Schultz inafanana na ile hesabu ya kompyuta. Wote watatu waliandika pamoja kwenye jarida la Science mwaka 1997. Toka hapo somo zima likabadilika.

UJUMBE UNAFANYA NINI UKISHAFIKA

Hapa wengi wanaishiaga njiani. Sawa, seli imepiga kelele. Halafu?

Paul Greengard wa Marekani alionyesha kwamba dopamini ikigonga mlango wa seli nyingine, ndani kunaanza kazi ya hatua kwa hatua: protini zinabadilishwa, na seli inabadilisha namna ya kuitikia kwa muda. Ni kama barua inayofika ofisini, ikasainiwa, ikapelekwa chumba kingine, mpaka kitu kikabadilika. Watafiti wengine wakaonyesha kwamba dopamini ikifika wakati njia fulani kati ya seli zimetoka tu kufanya kazi, hizo njia ndizo zinazotiwa nguvu. Yaani ubongo unasema: hicho ulichokifanya sasa hivi kimeleta kizuri kuliko tulivyotegemea, kesho kifanye tena.

Na Eric Kandel akaonyesha mabadiliko hayo yanavyokaa. Alizaliwa Vienna 1929, familia ya Kiyahudi. Siku ya kuzaliwa akifikisha miaka tisa alipewa kigari cha bluu cha kuchezea. Siku mbili baadaye, Novemba 1938, polisi walikuja wakawafukuza kwenye nyumba. Waliporudi, vitu vya thamani vilikuwa vimeibwa, na kile kigari pia. Mwaka 1939 yeye na kaka yake walipanda meli bila wazazi kwenda kwa babu na bibi New York. Wazazi waliwafuata baadaye. Kandel ameandika mwenyewe kwamba mambo ya Vienna yalimfanya ajiulize kumbukumbu inakaaje kichwani muda wote huo.

Alichagua mnyama ambaye wengi walimcheka naye, konokono mkubwa wa baharini mwenye seli za neva karibu 20,000 tu, kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Huyo hakufundishwa kwa zawadi, alifundishwa kwa kushtuliwa, na mjumbe mkuu hapo ni serotonini. Lakini alichokipata kinatusaidia wote. Somo la mara moja linatia nguvu njia zilizopo, na linapotea haraka. Somo linalorudiwa kwa nafasi linaifanya seli itengeneze protini mpya na kuotesha viungo vipya. Kujifunza kunabadilisha umbo la ubongo. Yeye, Greengard na Carlsson waligawana Nobel ya mwaka 2000.

HII INATUHUSU NINI

Nisingewachosha na michoro ya kima kama haingetugusa. Naona inatugusa sehemu tatu, na hapa naongea kwa maoni yangu.

Ya kwanza ni mikeka. Vijana wanabeti, tusifichane. Mwaka 2003 Schultz na wenzake walionyesha kwamba kima akingoja juisi ambayo inaweza kuja au isije, kuna seli za dopamini zinazopanda polepole wakati wa kungoja, na zinapanda zaidi pale uwezekano ukiwa nusu kwa nusu. Uhakika hauzichemshi hivyo. Tena kuna wagonjwa wa Parkinson ambao, walipopewa dawa zinazoiga dopamini, walianza kucheza kamari bila kujizuia, watu ambao maisha yao yote hawakuwa na tabia hiyo. Kwa hiyo ndugu yako ambaye mkeka unachanika kila Jumamosi na anarudi, usimwambie tu hana akili. Akili anayo. Ile kampuni ya kubeti inauza kungoja, na yeye analipia. Ukilijua hilo unaweza kukaa naye mkahesabu aliyoyatoa na aliyoyapata mwaka mzima kwenye karatasi. Karatasi inasema kitu ambacho Jumamosi moja haisemi.

Ya pili ni watoto tunaowafundisha. Huwa nasikia mtu anasema mtoto fulani ana kichwa kigumu, hata ukimchapa haingii. Angalieni tena hii historia. Ubongo unajifunza kutoka kwenye tofauti, na tofauti lazima ijulikane haraka, kitendo kikiwa bado kibichi. Mtoto aliyekosea jumla Jumatatu akasahihishiwa Ijumaa, ameambiwa nini? Aliyepata na aliyekosa wote wakipigiwa makofi yaleyale kila siku, makofi yamekuwa kama mgao wa kawaida, hayasemi kitu tena. Mwonyeshe palepale, hapa umepata, hapa bado, jaribu hivi. Kukosea ni sehemu ya kazi yenyewe ya ubongo. Mtoto anayeogopa kukisia hawezi kupata ile tofauti, sababu hakutabiri kitu.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Kuna wenzetu walioacha shule wakisema kusoma kunasaidia nini, umemaliza na bado umekaa kwenye hema. Watu wanawaita wavivu. Mimi sidhani. Waliwashiwa taa mara nyingi na juisi haikuja. Waliambiwa mtihani, halafu nafasi, halafu safari, na hakuna kilichofika. Kichwa cha mtu yeyote kikifanyiwa hivyo kitapunguza kutegemea, ni kazi yake. Dawa yake haiwezi kuwa matusi, wala ahadi nyingine kubwa. Ninachoweza kupendekeza ni ahadi ndogo zinazotimizwa kweli. Tukisema kitabu kitakuwepo Jumatano saa kumi, kiwepo. Tukisema ukimaliza hizi hesabu kumi utasoma barua ya mama yako mwenyewe bila msaada, tuhakikishe ameisoma.

Msinielewe vibaya, binadamu si panya, na dopamini haitafungua mpaka wala haitaongeza mgao. Umaskini wetu hautoki kwenye ubongo wetu. Lakini mzee Loewi aliandika kadi ya posta gerezani, mtoto Kandel aliyeibiwa kigari akaja kutueleza kumbukumbu inavyokaa, na Hornykiewicz aliyekimbia na familia yake akawainua watu kitandani. Kandel na Hornykiewicz walipofika ugenini hawakuwa na ahadi yoyote ya Nobel.

Mkutano wetu wa Jumamosi tutaongelea hili: ni ahadi gani ndogo kundi letu linaweza kuitoa kwa watoto wa bloku na kuitimiza ndani ya wiki moja? Kila mtu aje na moja, iwe ndogo.